Maji Yakifika Kwenye Nundu

Chini kidogo ya daraja la Sagana kuna jiwe ambalo wachimba mchanga huliita Ng'ombe. Ukilitazama asubuhi kutoka upande wa Kirinyaga, jua likiwa bado chini, utaona kwamba hawakukosea: ng'ombe wa kienyeji aliyelala, miguu kaikunja, kichwa kakielekeza Masinga, nundu imesimama. Nilivua samaki juu ya mgongo wake utoto wangu wote bila kujua kuwa jiwe lile ni kipimo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mchimba mchanga ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu. Hakuwahi kuingia kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, hata siku moja, na mara ya kwanza kuniona nimevaa sketi alicheka hadi akaketi chini. Ndiyo, sketi. Ule mpira unaouvaa kiunoni halafu ukaunyoosha juu ya mdomo wa kayaki ili maji yasiingie, jina lake ni sketi, na hakuna namna ya kumweleza mzee wa Kikuyu jambo hilo heshima yako ikabaki nzima. Alipomaliza kucheka akaniuliza, "Ng'ombe umemwona wapi leo?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa mpini wa beleshi. "Maji yakiwa kwenye kwato, mto umelala. Yakifika tumboni, mto uko kazini. Yakifika kwenye nundu, wewe rudi nyumbani ukanywe chai."

Nilikuwa na miaka 19, nimeajiriwa katika kambi ya watalii kubeba maboti ya mpira na kuosha helmeti. Mto wetu ndio Tana wenyewe, ila huku juu watu wanauita Sagana, na wazee wanauita Thagana. Maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua, yanashuka kwa mbio kwenye mawe, kisha yanatulia Masinga kwenye bwawa la kwanza kati ya yale matano ya umeme. Watalii hupanda boti la mpira watu sita au wanane na nahodha wao, na pembeni yao huenda mtu mmoja au wawili kwenye kayaki. Kazi ya hao wa kayaki ni kuokota wanaoanguka. Hiyo ndiyo kazi niliyoitamani.

Ilinichukua miezi miwili kwenye bwawa la kambi kujifunza rolo, yaani kujigeuza ukapinduka na kurudi juu bila kutoka ndani ya kayaki. Kila anayeanza hudhani ni nguvu za mikono. Unavuta kasia kama mtu anayeng'oa mhogo, kichwa kinatangulia kutafuta hewa, na kayaki inakurudisha chini papo hapo. Rolo iko kwenye kiuno. Unaigeuza kayaki kwa nyonga na goti, mwili unafuata, na kichwa kinatoka mwisho kabisa, shavu likiwa limelala begani. Ni vigumu kumwambia mtu aliyeishiwa pumzi kwamba kichwa chake kitoke mwisho. Nilikunywa maji ya lile bwawa mpaka ladha yake nikaijua.

Vifaa vyangu vya mwanzo vilikuwa aibu. Helmeti ilikuwa ya mjengo, ile ya njano, nimeifunga kwa kamba ya viatu. Mwalimu wangu aliitupa. Akanieleza kwamba helmeti ya mtoni ina matundu ya kutoa maji na imefunika mpaka karibu na masikio, kwa sababu ukipinduliwa huwa unagongwa ubavuni na kisogoni, wala si utosini kama fundi aliyeangukiwa na tofali. Jaketi la kuelea alilikagua kwa kunishika mabegani na kulivuta juu kwa nguvu: lilipopanda hadi puani akasema hili litakuacha majini liende zake peke yake. Na sketi aliikagua mahali pamoja tu, kile kitanzi cha mbele. Ukivaa kwa haraka kitanzi huingia ndani, na siku utakapopinduliwa hutakuwa na cha kuvuta ili utoke. Mpaka leo, kabla ya kuingia majini nakigusa kitanzi changu, halafu nageuka kutazama cha jirani. Nimeshavikuta vya watu wawili vikiwa ndani. Mmoja alikuwa mkufunzi wa miaka mingi.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa Aprili, mvua ya masika ilikuwa imepiga wiki nzima. Asubuhi tulishuka mimi na mwenzangu kufanya mazoezi, hakuna watalii. Maji yalikuwa mekundu kama udongo wa Murang'a, na juu ya jiwe ilibaki nundu tu, nayo inalowa na kukauka kila wimbi linapopita. Guka alikuwa ameketi ukingoni, beleshi limelala chini.

"Leo hakuna mchanga," akasema.

"Guka, sisi hatuchimbi mchanga," nikamjibu, tukacheka. Naikumbuka ile sentensi vizuri kuliko nyingi nilizowahi kusema.

Mto uliofurika si ule mto wako ukiwa umeongezwa maji. Mawe tuliyoyajua kwa majina yalikuwa yamefunikwa. Nyuma ya kila jiwe kubwa huwa kuna maji yanayorudi kinyume, mahali pa kujibanza na kupumzika, tunapaita edi. Siku ile edi zote zilikuwa zimehamia vichakani, katikati ya miti. Palipokuwa na kituo cha kupumua pamekuwa na miiba. Na mto haukuwa na kelele kama ninavyoizoea. Ulikuwa unanguruma chini kwa chini, na mara moja moja unasikia mawe yakigongana huko sakafuni.

Kwenye kona ya tatu mkuyu ulikuwa umeanguka, umelala nusu ya mto. Huu ndio uovu wa masika. Jiwe likikukuta, maji hulizunguka na wewe unazungushwa nayo. Mti una matawi. Maji yanapita katikati, wewe unabaki. Ni kama chujio la chai, na majani ni wewe. Niliuona nikiwa nimechelewa, nikapiga kasia mara nne tano kwenda kushoto, mto ukanipeleka kulia, ubavu wa kayaki ukaufikia ule mti.

Hapo ndipo mwili unapokudanganya. Kila kiungo kinakuambia jivute mbali na kile kitu. Nilijivuta. Ukijivuta, ubavu wa kayaki unaotazama juu ya mto unazama, maji yanapanda juu ya sitaha, na unapinduliwa chini ya matawi. Unachopaswa kufanya ni kinyume: uegemee ule mti, uukumbatie kama ndugu yako wa damu, ili maji yapite chini yako. Mwalimu alikuwa ameniambia hivyo zaidi ya mara kumi. Nilijivuta.

Sijui nilikaa chini muda gani. Mwenzangu anasema ni sekunde chache. Ninachokumbuka ni kitanzi, nimekishika, nimevuta, miguu ikatoka, na tawi likanikwama kwenye mkanda wa jaketi, kisha likakatika. Likakatika, si kwamba nililikata. Kisu nilichokuwa nacho nilikuwa nimekiacha kwenye begi kambini kwa sababu kilikuwa kinanichoma ubavuni. Nikaibuka upande wa chini, nikashika shina, mwenzangu akanirushia mfuko wa kamba kutoka ukingoni. Mrusho wa kwanza haukufika. Wa pili ukaniangukia begani.

Kayaki ilibaki mtini siku tano. Wachimba mchanga ndio waliokuja kuiokota huko chini, wakaileta begani, wawili wawili kwa kupokezana, na Guka akiwa nyuma kabebelea kasia langu. Nilitegemea atanisema. Aliniambia tu, "Na chai hukunywa."

Tumbo la kayaki lilikuwa na ufa wa karibu shubiri mbili. Kayaki mpya ilikuwa ni mshahara wa miezi mingi, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi wa jua kali anayeziba matangi ya maji. Akaitazama kama daktari. Akachukua jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia, akakata vipande vyembamba, akapasha moto nondo iliyobanwa ncha, akaanza kuyeyusha kipande juu ya ufa. Harufu ile ya plastiki inayoungua iliniingia hata kwenye shati. Ilipopoa ilionekana safi kabisa: kayaki ya bluu yenye kovu la njano. Tukashangilia.

Ilikaa mpaka Januari. Januari na Februari mto wetu unashuka hadi kwenye kwato, na watu wasiojua hudhani ndio wakati rahisi. Nguvu za maji zimepungua, kweli, lakini mawe yote yametoka meno. Kayaki inaburuzwa, inagonga, inakwama. Ukipinduka kichwa kiko shubiri moja kutoka sakafuni, na rolo unaipiga huku kasia likikwaruza miamba. Kovu la njano lilibanduka zima zima kwenye jiwe la kwanza kubwa, kama gamba la kidonda.

Nikarudi kwa fundi nikiwa na hasira. Yeye hakuwa nayo. Akalitazama lile kovu, akalipinda, akasema, "Hizi plastiki si ndugu." Akanituma nimletee kipande cha kayaki yenyewe au ya aina ileile. Nyuma ya stoo ya kambi kulikuwa na kayaki moja mfu, imechanika, kuku wanatagia ndani. Nikaisawazisha makali yake kwa kisu, nikapata utepe wa kama mita moja. Safari hii fundi alifanya jambo ambalo kwanza hakulifanya: alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa. Ufa, akanieleza, hutembea kwenye ncha yake; ukiikata ncha ikawa mviringo, hauna pa kwenda. Kisha akayeyusha kingo mbili pamoja kabla ya kuweka utepe juu. Ziba ile ilinichukua miaka miwili na zaidi. Baadaye nilikuja kujua kuna kayaki ambazo plastiki yake haiyeyuki hata ukiichoma vipi, inageuka masizi tu; ukinunua mtumba, kwanza muulize fundi wa matangi kabla ya kumuuliza muuzaji. Na uiweke kivulini. Jua la Sagana linaila plastiki polepole mpaka inakuwa kama ganda la yai, na hakuna fundi wa hilo.

Juni mpaka Agosti ni gathano, ukungu na baridi, na hapo ndipo tulikuwa tukienda Mathioya. Mto mwembamba, unashuka kutoka Nyandarua bila kupumzika, kona baada ya kona, hakuna mahali pa kuketi ukawaza. Maji yake yanauma mifupa. Mwaka wa kwanza nilivaa fulana mbili za pamba, nikatetemeka hadi vidole vikashindwa kufungua kifungo. Pamba ikilowa inakukamatia baridi. Tangu hapo nina sweta ya sufu ya mtumba kutoka Gikomba, imetobolewa na nondo kwenye kiwiko, na juu yake nguo ya mpira ya wapiga mbizi niliyoipata hukohuko ikiwa haina mkono mmoja. Naonekana kama mwizi wa kamba za nguo, ila vidole vyangu vinafanya kazi. Kwenye mto kama ule, vidole ndio bima.

Halafu kuna Jinja, mji wa Uganda kwenye mto Nile. Kila mcheza kayaki wa Afrika Mashariki lazima aende Jinja, kama vile kila mwanafunzi wa chuo cha Kiislamu anavyotamani kufika Lamu. Tulipanda basi usiku Nairobi, kayaki zimefungwa juu. Mpakani Busia ofisa mmoja alizimulika tochi kwa muda mrefu, akatuuliza kwa sauti ya chini kama tunasafirisha maiti. Upande wa pili mtu wa bodaboda alizipakia mbili kwa mpigo, zimekingama nyuma yake kama mabawa, akaondoka nazo kwa mwendo ambao mimi sijawahi kwenda mtoni.

Nile ilinivunja moyo siku ya kwanza, kwa sababu kila nilichokijua hakikuwa na kazi. Kwetu unaogopa mawe. Kule maji ni mengi na ya vuguvugu, mawe yako chini huko, na kinachokushika ni mashimo: maji yanaporomoka, yanajirudia yenyewe, na ukiingia yanakuzungusha kama nguo kwenye mashine. Kupambana hakusaidii. Unajikunja, unashika pumzi, unasubiri mto ukuchoke. Nilikuwa nimezoea kuokolewa na wepesi wangu, na pale wepesi haukuwa na maana.

Jambo la pili ni misimu. Jioni niliwauliza wenyeji mvua zao zinaanza lini, ili nijue mto unapanda lini. Mmoja akacheka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Jinja, "Huku mvua ni bwawa." Maji yanatoka Ziwa Victoria, na tangu 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, ni milango inayoamua yatoke kiasi gani. Asubuhi mto unaweza kuwa na mawimbi, mchana umenyamaza, na wingu halijaonekana. Kisha mwaka 2012 likaja bwawa la Bujagali, na maporomoko yaliyowafundisha vijana wengi wa pale yakalala chini ya ziwa. Mwaka 2019 Isimba nalo likazinduliwa, likameza mengine. Kijana mmoja alinionyesha maji bapa, yametulia, akaniambia hapo ndipo alipojifunza rolo. Nilitazama sikuona kitu. Nyumbani kwao kuna umeme sasa, akaongeza, na sikujua kama analalamika au anashukuru. Nadhani hata yeye hakujua.

Itanda bado ipo. Nilisimama kwenye mwamba saa nzima nikiyatazama yale maporomoko makubwa, nikahesabu mstari wangu: ingia kushoto, pita kati ya lile shimo na lile, kata kulia. Niliweza kuuona mstari wote. Halafu nikajiuliza Ng'ombe wangu yuko wapi hapa, nikatambua kwamba sina hata jiwe moja ninalolijua. Nikabeba kayaki begani nikatembea kando ya mto na kuingia majini chini yake. Wenyeji wawili waliteremka nikiwatazama, wakapita kama wanakwenda dukani. Sikuona wivu, au niseme niliuona kidogo tu.

Mbio nimeshiriki chache, na nyingi ni zetu wenyewe wa mtoni. Tunatundika mabomba ya plastiki kwenye kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, yenye michirizi ya kijani unayapita ukishuka na mto, yenye michirizi myekundu unayapita ukipanda kinyume. Ukigusa bomba unaongezewa sekunde 2. Ukiruka lango zima, sekunde 50. Mwaka mmoja nilimaliza wa kwanza kwa saa na wa tano kwa karatasi, kwa sababu nilikuwa nimegusa sita, moja kwa kisogo. Nilibisha. Aliyekuwa akiandika, binti wa jikoni kambini, akanionyesha rangi ya kijani kwenye helmeti yangu. Tulikuwa tumeipaka asubuhi ile, haijakauka.

Samuel Muturi alipoiwakilisha Kenya kwenye slalomu, mbio za malango kama hizo zetu, Olimpiki ya Paris 2024, tulijazana kwenye hoteli moja mjini, watu wa mtoni na madereva wa malori ya mchanga, tukimweleza mwenye hoteli kila baada ya dakika kwa nini kijana hapiti tu katikati moja kwa moja. Kwenye ule mto wa kutengenezwa wa Paris, maji yanawashwa na kuzimwa kwa pampu. Dereva mmoja akauliza kama na mchanga wanauleta kwa bomba.

Lakini mwaka huohuo, miezi michache nyuma, tulikuwa hatucheki. Masika ya 2024 yaliua watu wengi Kenya, na Masinga ilijaa ikamwagika. Kwetu kambi ilifunga. Asubuhi moja nilishuka hadi darajani kumtafuta Ng'ombe, sikuona nundu wala pembe, maji mekundu tu kutoka ukingo hadi ukingo, na mlango wa nyumba ya mtu ukipita umesimama wima. Tulikaa wiki kadhaa bila kugusa kasia. Hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Maji yaliposhuka, jiwe halikuwepo. Mafuriko yalikuwa yameleta mchanga na kulizika hadi juu. Nikakosa mahali pa kusoma. Tukapaka rangi nguzo moja ya daraja, mistari mitatu, tukaitumia kwa miezi, lakini sikuiamini, kila nikiitazama naona ni nguzo tu.

Guka macho yamepungua na hashuki tena mtoni. Hunipigia simu Jumapili. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Amezikwa, Guka. Mchanga umemfunika."

Akanyamaza kidogo. "Mchanga wenyewe ni mzuri?"

"Ni mzuri. Msafi, wa kujengea."

"Basi vijana watamtoa."

Na kweli Februari malori yakaanza kushuka. Nundu ilitokea kwanza, kisha mgongo, kisha siku moja nikaona tumbo, limepigwa na jua, limekwaruzwa kwa mabeleshi. Jumapili nikampa habari.

"Na kwato?" akauliza.

"Bado, Guka. Kama lori mbili hivi."